Ramani Moja

Alikuja Keko na karatasi iliyokunjwa mara nane.
Hakutaka kitanda wala kabati.
Alitaka manowari ya Wafaransa wa zamani,
milingoti mitatu, mizinga arobaini,
urefu wa meza ya watu wanne,
ikae dirishani mwa mgahawa wake, Masaki.

"Zilikuwa sita," akasema. "Ramani moja."
Nikamwelewa kuliko alivyodhani:
nachonga viti sita kwa kipimo kimoja
tangu Jangwani haijajengwa daraja.

Akazitaja kwa vidole, kama mtu na shangazi zake.
Moja iliungua ingali bandarini.
Moja ilipanda mwamba, usiku wa ukungu.
Mbili zilitekwa na Waingereza:
wakazibandua majina, wakazipaka rangi,
wakazirudisha kuwapiga waliozizaa.
Moja ilipasuliwa kuni.
Ya sita, akakikunja kidole, hajui.

Viti vyangu navyo.
Kimoja nilikikuta Ilala, kimekaliwa na ndoo ya chachandu.
Kingine kipo kituo cha polisi Chang'ombe,
kimefungwa lebo mguuni. Ni ushahidi.

Mkuku nikautoa kwenye mabaki ya mninga,
kitanda cha bibi harusi ambaye hakuja kukichukua.
Mataruma nikayapinda kwa mvuke wa birika.
Foromali ni vijiti vya mishikaki, nimekula mwenyewe.
Mizinga: misumari, vichwa nimevikata.

Tumpale, kijana wangu wa kazi, akainama juu ya karatasi.
"Fundi, na watu walilala wapi?"

Nikaigeuza. Nikaigeuza tena.
Kila mzinga una namba,
kila kamba ina jina lake,
watu mia tatu
hawana hata kitone cha wino.

Nenda tezi, nenda omo, marejeo ni ngamani.
Usiku ule, sitaha ya mwisho haijagongwa,
nikachonga viti sita, kila kimoja kama punje ya hindi,
nikavishusha kwa kibano.
Vitano nikavitia gundi.

Mteja alihesabu mizinga, akalipa.
Hakuuliza kitu kingine.
Pikapu ilipokanyaga tuta la kwanza
tulisikia, mimi na Tumpale, mlio mdogo ndani ya mbao,
kama mtu anayevuta kiti
apate kukaa.