Aliyeuzwa Dirishani

Karani alishusha miwani, akalisoma mara mbili.
"Prodan," akasema. "Aliyeuzwa. Mzazi gani
humpa mwanawe jina la ng'ombe wa mnadani?"
Nilikuwa nimefuata cheti cha kifo cha babu,
sikwenda kutetea sarufi.
Lakini mvua ya Novemba ilikuwa bado inalipiga
bati la manispaa, na nyuma yangu hapakuwa na mtu.
Nikamwambia.

Ni kauli ya kutendwa, bwana. Hakuuza, aliuzwa.
Mtenda ni mama yake, Rusana,
wa kijiji cha juu kabisa katika milima ya Rodopi,
ambako theluji hufika kabla ya barua.
Alikuwa amezika wanne:
Kalin, siku tisa;
mapacha ambao kasisi aliwabatiza kwa maji yaleyale;
na Velko, aliyekwisha kujua kucheka.

Wa tano alipolia, mkunga hakuanza kwa kumwosha.
"Kifo kimeuzoea mlango huu," alisema.
"Hata mbwa hakibwekei tena."

Wakangoja mpita njia wa kwanza.
Akatokea fundi wa kuziba masufuria,
mtu wa kikohozi na nyumbu mmoja,
akidhani anaitiwa sufuria.
Dirisha likafunguka,
mtoto akatolewa humo, akifuka mvuke
kama mkate.
"Nunua," alisema Rusana.
"Bei?"
"Yoyote, mradi ulipe. Cha bure hurudi kudaiwa."
Fundi akapapasa mfuko. Senti moja,
ya nchi iliyokwisha kufutwa kwenye ramani,
imetobolewa katikati.
Wakapeana mikono kama watu wa soko.

Kisha fundi akaizunguka nyumba, akaingia mlangoni
na mali yake kifuani, akasema kwa sauti
ya kusikika hadi darini:
"Mama, nina mwanangu hapa, sina maziwa. Nilelee."
Na Rusana akajibu kama mtu asiyemjua:
"Mlete. Kwa ujira gani?"
Husemekana hapo ndipo sauti ilipomkatika.

Usiku ule Kifo kilikuja kumtafuta mwana wa Rusana.
Hayupo. Kuna kitoto cha fundi,
cha barabara, bidhaa iliyolipiwa.
Kifo ni kikaidi, lakini si kizi.
Kikaondoka.

Miaka themanini na tisa.
Babu alichunga kondoo, akalaza reli, akaoa,
akabishana na kila serikali iliyompitia.
Ila kiti chake hakukielekeza motoni,
alikielekeza njiani.
Akisikia chuma kikigongana na chuma
alisimama, akafunga vifungo vya koti.
"Labda ni mwenyewe," alikuwa akisema.
"Sijui nitamweleza nini kuhusu matumizi."

Fundi hakurudi.
Kisa chote hiki ni kisa cha jina,
na mnunuzi hatumjui jina.

Karani akagonga muhuri. Akanitazama tumbo.
"Utalirithisha?"
Nikacheka. Nani angelibeba shuleni, Sofia,
mbele ya watoto wanaojua bei ya kila kiatu?

Machi. Ghorofa ya saba.
"Nesi, dirisha hili linafunguka?"
"Halifunguki, dada. Limekazwa kwa skrubu."
Kwenye fomu nimeandika Filip,
jina ambalo simu haliwekei mstari mwekundu.
Lakini saa tisa usiku pumzi yake ilikwama,
mara moja tu, kama mtu aliyejikwaa kizingitini,
nami nikamwomba nesi sarafu.
"Ya mashine ya kahawa?"
"Ndiyo," nikasema. Akanipa.

Nikaifumba ngumini, ya moto kutoka mfukoni mwake.
"Amekwisha kuwa wako," nikanong'ona,
kwa sauti ndogo asisikie yeye,
kubwa kiasi cha kusikiwa
na yeyote aliyesimama mlangoni.