Boga la Upande wa Pili

Micheweni udongo haupimwi kwa eka,
hupimwa kwa kiganja:
tundu moja baina ya mawe, jengine kule,
nami nayajua yote kwa kina cha kidole.
Katika lile la karibu na ukuta nilitia samadi ya mbuzi,
majivu, maganda ya muhogo, na mbegu tatu
ncha chini, kama alivyonionesha mkwe wangu Bi Mafunda,
ambaye hakuwahi kunisifu kwa jambo jengine.

Mbili alizila panya. Ya tatu ikatoka
na ganda lake kichwani, kama kofia ya kuazima.

Nikaliongoza shina lije kwangu, jikoni.
Likaja hatua mbili, likageuka, likapanda ukuta wa mawe,
likashukia kwa Bi Shumbana.
Tulikuwa hatusemezani tangu arusi ya Asaa,
kwa jambo la sufuria.

Upande wangu likaacha maua dume tu,
marefu, membamba, yenye majigambo;
adhuhuri yamekwisha kunywea.
Ukipenda boga, penda na ua lake, watu husema.
Hawasemi ua lipi.
Ua jike, lile lenye tumbo tangu kuzaliwa,
lilifunguka kwake, asubuhi moja, mara moja,
na nyuki siku hiyo hawakutoka: kulikuwa na manyunyu.

Nilimwona kwa ufa wa ukuta.
Alichuma ua dume la shina lake mwenyewe,
akalimenya kama ndizi,
akaligusisha, polepole, mara tatu,
midomo ikimtembea: pengine bismillahi,
pengine jina langu kwa ubaya.

Boga likajaa.
Mimi nikimwagia maji shinani kila magharibi,
yeye akalitandikia makumbi lisilale kwenye unyevu.
Salamu hakuna.
Lilipofika ukubwa wa kichwa cha ndama, nikaenda kwa sheha.

"Shina langu," nikasema. "Mbegu yangu, maji yangu."
"Na dume ni langu," akasema Bi Shumbana.
"Mtoto hufuata baba."
Sheha akakohoa, akaomba maji ya kunywa,
akauliza kama boga lenyewe limeshaiva.

Kuhifadhi anajua, sitomnyima haki yake.
Alingoja mpaka kikonyo kikauke kama ukuni
na ukucha upite juu ya ganda usiache alama.
Akalikata na kikonyo chake, akalibeba kwa tumbo,
si kwa mkia, wabebavyo wasiojua.
Siku kumi juani, upenuni. Kisha darini,
juu ya moshi wa jiko,
na kila Ijumaa nikisikia
kishindo chake kidogo, likigeuzwa ubavu.
Miezi mitano.
Mamumunye yangu, niliyoyaacha yakue kwa tamaa,
yaliharibikia ukubwani kama methali yao.

Kumi la mwisho la Ramadhani, karibu na kufuturu,
mtoto akaja na sahani iliyofunikwa kawa.
Boga la nazi: tui zito, iliki, sukari ya kiasi,
vipande na maganda yake, visivurugike.
Pembeni, katika kitambaa, mbegu
zilizooshwa, zikapakwa majivu, zikaanikwa.
Nikazihesabu kabla ya adhana: arubaini na moja.
Zitakazoota zitafanana na nani, sijui.

Sahani ya mtu hairudi tupu.
Sikuwa na kitu, ila mamumunye machanga mawili
ya shina la mwisho la vuli,
yale ambayo mahotelini huyaita zukini.
Baada ya futari nikakata ncha ya la kwanza,
nikaiweka ulimini. Chungu.
Nikalitupa mbali, hata mbuzi wasilifikie.
La pili nikalionja mara mbili.

Kisha nikaiosha sahani, nikalilaza humo,
nikamwita mtoto.
"Mwambie," nikasema, "limeonjwa."