Chumvi Kadiri

Mabwawa yangu ni matatu, yote ya mwaka mmoja,
yote ya pesa ya korosho, ile ya mnada wa pili.
La juu linakunywa kisima.
La kati linakunywa kisima, na likipata mwanya, mkondo.
La chini limepakana na mikoko ya Mingoyo,
na matundu ya kaa hayajui mpaka wa shamba.

Vifaranga vya perege nilivigawa sawa:
mia tatu, mia tatu, mia tatu,
siku moja, jua moja,
pumba kwa kopo lile lile la maziwa
lililokwisha kubanduka karatasi.

Mwezi wa nne akaja bwana samaki na pikipiki
na kidude cha kuchungulia, kama darubini ya mtoto.
Akadondosha tone, akafumba jicho moja:
"La chini, ishirini na mbili."
Mama hakungoja kuulizwa.
Akachovya kidole, akalamba, akatema.
"Haya ya siku ya tatu juani."
Miaka thelathini amekwangua chumvi Machole;
nyayo zimepasuka kama jaruba,
ulimi bado mzima.
La kati akasema, "Haya ya kuchemshia muhogo."
Kidude kikasema sita.

Leo miezi sita. Njoo uone.
Wa juu wamejaa kiganja.
Wa kati wamepita kiganja, wamegusa pa kuvalia bangili.
Wa chini wanapenya kwenye matundu ya wavu.
Kichwa cha mtu mzima, macho ya mtu mzima,
mwili umesahaulika nyuma.

Hawakufa. Hilo ndilo linaloniudhi.
Wangekufa ningelia siku moja, nikafukia, nikaoga.
Wanakula! Wanagombania pumba kuliko wenzao.
Bwana samaki alinichorea mchangani:
chumvi inaingia, samaki anaitoa,
inaingia, anaitoa,
usiku kucha matamvua hayalali,
na chakula chote kinaishia kwenye kazi hiyo.
"Sasa cha kukulia kitoke wapi?"
Akafuta mchoro kwa kiatu.

Nilimwelewa upesi mno.
Nilimwona Fadhina, mdogo wangu, Chikongola kule Mtwara,
mwaka wa saba na karai la maandazi.
Kodi inaingia, anaitoa.
Kausha damu inaingia, kila Alhamisi anaitoa.
Watu husema, Fadhina mvivu,
mbona kibanda ni kile kile, turubai lile lile.
Nami nilisema.
Kwenye arusi, mbele ya mashemeji, nilisema.

Wa kati ndio walionishangaza.
Ati chumvi kidogo inampumzisha perege,
damu yake nayo inayo,
maji yakimkaribia hashindani nayo.
Mama akacheka: "Hata uji wa mzazi hutiwa."

Keshokutwa bamvua.
Nimebeba udongo wa kichuguu, viroba kumi na moja,
nazibua mgongo kwa kuziba matundu ya kaa.
Kisha nitawahamisha wa chini, si kwa mkupuo:
kikombe cha maji matamu, subiri,
kikombe, subiri.
Nafuu ya ghafla nayo huua.

Jioni nikampigia Fadhina.
Habari za samaki sikumpa.
Nilimuuliza tu,
"Alhamisi hii wanakudai ngapi?"
Akanyamaza kidogo,
halafu akaanza kuhesabu.