Kuku Asiyemo Kitabuni

Soroti, uwanja wa maonyesho, saa mbili asubuhi.
Karani ananisukumia fomu: Jina. Kijiji. Aina.
Jina, Merab Apolot. Kijiji, Arapai.
Penye aina kalamu ikasimama
kama jogoo aliyeona kivuli cha mwewe.

Si kidimu, ingawa manyoya ya mgongoni yamejikunja.
Si kishingo, ingawa koo li wazi mpaka kifuani.
Madoa ni ya kanga, miguu mifupi, kucha nyeupe.
Miaka tisa nimepima mayai kwa mwanga wa kibatari,
nikauza waliokosea, wengine nikawala,
nikalia kideri kilipofagia banda, wakabaki watatu.

Mwamuzi ana rula na koti jeupe.
Anapima undu, anakunjua bawa,
analamba kidole, anafungua kitabu.
"Mama, huyu hayumo."
Sikumjibu. Kwani kitabu kilitaga lini?

Wakatubandika karatasi: MENGINEYO,
kati ya bata mzinga mwenye mafua
na sungura wa shule ya msingi.
Utepe hatukupata.
Jogoo wangu akawika mara nne, bila adabu,
na kuku wa vikombe wakanyamaza.

Jioni, nikifunga tenga kwa kamba ya katani,
mwamuzi akarudi, koti amelikunja kwapani.
Akatazama kushoto, akatazama kulia.
"Mayai ya kuatamiwa... trei unauzaje?"

Nikamwambia: kwanza andika aina.
Akatoa kalamu.
Akaniuliza herufi moja moja.