Wa Hapa Katikati

Jana usiku nililiandika jina langu mara nne
kwa tochi ya simu, chumba cha kupanga, Hombolo.
Mara ya kwanza nikatanguliza cheo.
Ya pili, chuo na mwaka wa kuhitimu.
Ya tatu nikamshukuru mkuu wa shule, diwani, na Mungu,
kwa mpangilio huohuo, nikaona haya.
Ya nne likabaki jina tu
na nukta nzito iliyotoboa karatasi.

Sasa mko mbele yangu, madawati ya darasa la tatu,
magoti yanakaribia videvu.
Mama mmoja katoka palizi ya uwele,
jembe kaliegemeza mlangoni, udongo bado mbichi.

Mbukwenyi, nasema.
Mnacheka. Nimeivunja mahali, najua;
nimeiazima kwa wanenu leo asubuhi
na wao walicheka vilevile.

Naitwa Asteria Komba. Kwetu Mbinga,
kwenye ukungu na kahawa.
Mlenda nimeanza kuula wiki iliyopita
na mpaka leo unafika tumboni kabla sijaumeza.

Sikuja kurithi kiti cha Mwalimu Sechelela.
Kanga yake ingali juu ya kiti, sijaigusa.
Amejifungua salama, wa kiume, kilo tatu na robo,
atarudi Mei, mkivuna.
Mimi ni wa hapa katikati.

Baba mwenye mkasi wa zabibu mfukoni
hakunyoosha mkono, alisema tu:
"Hata yule wa mwaka jana alijieleza vizuri.
Mshahara ulipoingia, na yeye akatoka."

Kimya. Mbuzi akalia nyuma ya jiko la shule.
Karatasi yangu haikuwa na jibu la hilo,
wala sikutaka kuapa;
kiapo cha mgeni ni maji ya Februari,
korongo linaunguruma, kesho ni mchanga.

Nikafungua madaftari.
Malogo, nikasema, anagawanya kwa kokoto bila kosa,
ukimpa kalamu anatoka jasho.
Mbeho anamwandikia mwenzake majibu, na mwandiko anaubadilisha;
huyo tutamwonya, lakini polepole, ana kipaji.
Na Chiwanga, wa dirishani,
siku tatu nilidhani anachunga mbuzi kwa macho.
Kumbe ubao haumfikii.
Jumatatu nimemleta mbele. Apelekwe akapimwe macho.

Mwenye mkasi akatazama viatu vyake.
"Chiwanga ni wangu," akasema.
"Nyumbani tunamwita mvivu."

Hakuna aliyecheka.

Baadaye, mama wa jembe ameshaondoka,
ameniachia donge la udongo kizingitini,
yule baba akabaki, akaomba namba yangu,
akabonyeza kwa kidole gumba, taratibu,
tarakimu moja moja kama anayechuma.
"Komba na nani, umesema? Basi. Nimeandika Mwalimu Katikati."

Simu yangu ikatetemeka juu ya meza,
namba ngeni.
Naye palepale, hatua mbili mbele yangu,
akainua mkono, kama mwanafunzi:
"Ndiyo mimi."