Kioo cha Mzee Pargeter

Baba amesema "punguza mwendo" mara nne,
nami natambaa kama konokono katikati ya vichaka,
njia ya gari moja tu:
ukikutana na trekta, mmoja lazima arudi nyuma.
Tunarudi sisi.
Dereva ananyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani,
na Baba, miaka themanini na miwili,
ananyanyua chake papo hapo,
kidole ambacho Leicester sijapata kukiona.

Marlscombe. Nyumba ishirini na ushei,
mawe ya rangi ya biskuti iliyolowa chai,
kibanda cha simu kisicho na simu, kimejaa vitabu vya mapishi.
"Mlima uko wapi?" nauliza,
maana nimelelewa na mlima huo:
theluji, sinia la mama yake,
yeye mbele, kaka yake Lionel nyuma,
wakiteremka hadi pumzi zikabaki juu.
Ananionyesha kwa kidevu.
Ni kimwinuko. Kondoo sita wametosha kukijaza.
"Ulikuwa mrefu," anasema,
wala haniambii mimi.

Kanisa limefungwa. Ufunguo, yasema karatasi iliyolowa mlangoni,
uko kwa Bi Pargeter, mlango wa buluu.
Anafungua ajuza mwembamba kama njiti,
soksi za sufu, udongo kwenye kucha.
Hatoi ufunguo. Anamkagua Baba kuanzia viatu.
"Wewe wa nani?"
Baba anavua kofia.
"Wa Hester. Wa kule darajani."
"Yupi? Aliyevunja kioo, au yule mwingine?"

Hapa lazima nieleze.
Kwetu, aliyevunja kioo ni Lionel.
Kila Krismasi alikivunja upya:
mpira unapaa juu ya ukuta,
nyumba ya vioo ya mzee Pargeter inalia,
nyanya zimejaa vigae,
kisha fimbo, kisha Lionel kulala kifudifudi siku mbili.
Tulicheka. Lionel naye alicheka,
akijimiminia mchuzi,
hakuongeza neno, hakupunguza,
mpaka tulipomzika, Februari.

Mvua imeanza, ile yao isiyoanguka, inayoning'inia tu.
"Aliyevunja," anasema Baba.
"Mimi."

"Najua. Nilikuwa dirishani na surua yangu.
Nilimwambia baba. Akasema ni homa inayosema."

Dawa ya deni kulipa.
Baba anatoa pochi, vidole havimtii,
noti ya pauni ishirini,
nami naona haya, nataka kumshika mkono.
Bi Pargeter anaipokea.
Anaikunja mara mbili, anaitia mfuko wa aproni.
"Vioo vimepanda bei," anasema,
ndipo anatupatia ufunguo
na nyanya tatu ndani ya karatasi.

Kanisani hatukukaa. Palinuka nta na popo.
Baba aligusa kamba ya kengele, hakuivuta.

Njiani alikula nyanya moja bila chumvi,
mbegu zikadondokea tai aliyoivaa kwa ajili ya safari.
Mbili zilizobaki alizishika mapajani hadi Leicester.
Moja, nadhani, yangu.
Sikuuliza ya pili ni ya nani.