Fisi Hakuwa na Daftari

Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, Furahisha.
Taa moja ya uwanja inawaka, ya pili imekufa tangu Pasaka.
Luhende anapuliza filimbi kana kwamba ana ugomvi nayo.
Tuko thelathini na saba, fulana za kijani,
maandishi ya mgongoni yameanza kubanduka.
"Ruka! Lala! Inuka! Nani kachoka?"
"Hakunaaa!" tunajibu, na sote tunadanganya,
na uongo wa watu thelathini na saba
una nguvu kuliko miguu.

Hicho ndicho nilichokipenda kwanza:
pumzi yangu ilipokwisha
nilikopa ya Ng'washi aliye mbele,
naye alikopa ya muuza viatu wa Mlango Mmoja,
na hakuna aliyedai.

Jumatano jioni ni kwingine.
Mabatini, nyuma ya gereji, katikati ya mawe mawili
Bi Wande ameezeka bati, kapaita jimu.
Ekseli ya Fuso. Makopo ya rangi yaliyojazwa saruji,
uzito kwa chaki: ishirini, kumi, kumi na kitu.
Hapa hakuna filimbi.
Kuna jirani anayekaanga dagaa, na daftari langu.
Seti tano, mara tano, pumzika dakika tatu.
Dakika tatu! Mtu wa Luhende hajui zinakaliwaje.
Nilitazama mlima: jiwe limebeba jiwe
tangu kabla ya babu, na hakuna aliyelipigia kelele.

Nilitaka vyote.
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi kwa Luhende.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa kwa Wande.
Jumapili kilima cha Bugando, "kunyoosha miguu tu."
Mchana nakata tiketi za kivuko cha Kamanga,
namshukuru Mungu kwa kiti.
Mama akasema, njia mbili zilimshinda fisi.
Nikamjibu, fisi hakuwa na daftari.

Lakini daftari halina huruma.
Machi: sitini. Aprili: sitini.
Mei: hamsini na tano, na mwandiko unatetemeka.
Siku moja abiria wa Sengerema alinipa elfu kumi,
mkono ukagoma kuinuka kumrudishia chenji.
Alidhani namwibia. Foleni nzima ilidhani.

Bi Wande, aliyerusha tufe enzi za michezo ya viwanda,
alisoma kurasa zote akiwa amesimama,
kama karani wa mahakama.
"Nyamizi, Jumatano unaniletea miguu iliyokwisha tumika.
Mimi siuzi mitumba."
Akachomoa penseli kwenye kilemba.
Akakata Alhamisi. Akakata Bugando.
Akafikiri kidogo, akakata na Ijumaa yake mwenyewe.
Hilo ndilo lililonitisha.
"Sasa Ijumaa nifanye nini?"
"Ule ugali na sangara. Ulale."
"Halafu?"
"Halafu ulale."

Kikundi kina faini: asiyefika, mia tano.
Nilimpelekea Luhende elfu mbili, Alhamisi nne, mapema.
Aliishika noti kama barua ya msiba.
"Unatuacha?"
"Jumanne nipo. Jumamosi nipo."
"Alhamisi una nini?"
Ningemwambiaje kwamba Alhamisi nina nyama
inayoshonwa gizani,
na fundi hapendi kusumbuliwa?
Nikasema, "Nina dharura."

Leo wanapita barabarani, chini ya nyumba yetu.
Nazisikia raba zao kabla ya sauti.
Upepo wa ziwa unapandisha kila neno
hadi dirishani, pamoja na harufu ya mwaloni.
Miguu yangu, chini ya shuka, imeshaanza mchakamchaka
bila ruhusa yangu wala ya Bi Wande.
Juni sijaiandika bado.
"Nani kachoka?" anauliza Luhende.
"Hakunaaa!"
"Mimi," nikaliambia shuka,
nikageukia upande wa ukuta.